Barua ya Haraka Nyuma ya Kioo

Yeoville, Jumamosi alasiri

Faida mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umekaa saluni kwa Mama Zawadi pale Rockey Street, chini ya jengo letu, shingo inakuuma, wasichana wawili wanakusuka kwa pamoja, na wewe unawaambia wasivute sana hapo mbele. Nilipopita asubuhi kuuliza kazi hiyo itachukua muda gani, Mama Zawadi alinicheka mbele ya wateja wake. "Papa Faida, unauliza sana, ni weye njo utasukwa?" Masaa matano, akasema. Basi nina masaa matano ya kukuandikia kabla hujapanda ngazi zetu, na kesho asubuhi basi linakuchukua kwenda Cape Town.

Maagizo sina. Akina mama wa kanisa wamekwisha kukuagiza kila kitu, hadi namna ya kukunja shuka za chuo. Nina jambo moja tu, na nimelificha tangu ulipokuwa na miaka tisa. Linahusu barua uliyomwandikia mama yako alipokuwa hospitalini. Jumapili iliyopita walipokuita mbele wakuombee safari, ulishika kipaza sauti ukasema: "Mama yangu alisoma barua yangu kabla hajaondoka. Aliiweka chini ya mto wake. Nikiogopa, nakumbuka hiyo." Kanisa zima likasema amina. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, na ulipokuja kukaa ukanishika mkono, ukadhani nalia kwa furaha.

Nitalifikia jambo hilo leo, usiwe na shaka. Ila nivumilie, kwa sababu njia ya kulifikia inapitia kazini kwangu.

Kazi yangu unaijua kwa jinsi unavyoitania: Papa analipwa kusimama. Ni kweli. Miaka kumi na moja nimesimama ndani ya makumbusho yale, nimevaa koti lenye nembo ya kampuni ya ulinzi, redio kiunoni, nikiwaambia watu wasiguse. Nimelinda vinyago, nimelinda picha za wazungu wenye ndevu, nimelinda chumba kimoja kilichokuwa na mawe matupu sakafuni na hadi leo sijui kwa nini. Kitu kinachowekwa mbele yako kwa masaa kumi na mawili hufika mahali hukioni tena. Hivyo walipotuambia kwamba watatoa ghalani hati ya kale ya Kichina na kuiweka chumba cha nne, kwenye zamu yangu, nilichouliza ni kama kutakuwa na kiti.

Walikuja watu wanne kubeba kitu chenye uzito wa kanga mbili. Wakakilaza ndani ya sanduku refu la kioo, wakakikunjua taratibu, wakapunguza taa hadi chumba kikawa na giza kama la mvua inayokaribia. Mwanga unakula wino na karatasi, walisema, na baada ya miezi michache hati itarudi ghalani kupumzika. Nilipenda hilo neno, kupumzika. Walipoondoka nikasogea kutazama.

Faida, nilichukizwa. Unamjua baba yako. Kabla sijawa mlinzi wa Joburg nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Bukavu, na somo langu la fahari lilikuwa mwandiko. Watoto wangu walijua kupandisha herufi hadi mstari wa juu na kuishusha bila kutetemeka. Wazazi wengine walihamisha watoto wao shule ili waje kuandika kama darasa langu. Sasa hapa mbele yangu kulikuwa na karatasi ya rangi ya chai, na juu yake mtu amechora mistari inayokimbia kutoka juu kwenda chini, neno limeshikana na neno, hapa wino umejaa kama tope, pale umekauka hadi unaona nyuzi za brashi. Pembeni kuna mihuri myekundu imegongwa ovyo. Nilisema moyoni: huyu kwangu angepata tatu juu ya kumi, na angerudia.

Wiki ya kwanza nilimdharau hivyo hivyo. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba giza na wepesi wa wino vina mpango. Mtu anachovya brashi, neno la kwanza linakuja jeusi tititi, la pili jeusi, la tatu limepungua, la nne limechoka, la tano ni mikwaruzo mitupu, na yeye bado anaandika. Kisha ghafla jeusi tena: amechovya. Nilianza kumsubiri achovye. Nilijikuta nasimama mbele ya mkwaruzo mmoja, mrefu kuliko mingine yote, wino umekwisha kabisa na mkono haujakubali kusimama, na mimi hapo nimeshikilia pumzi. Mtu mzima, na redio kiunoni, nasahau kupumua kwa ajili ya karatasi.

Kisha akaja Mzee Liang. Huyu ni mzee wa Kichina mwenye duka la vyombo kule Cyrildene, chini tu ya mlima wetu, lakini amezaliwa hapa hapa Joburg na Kiingereza chake ni cha hapa kabisa. Alikuja kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza nilimkaripia. Alikuwa amesimama karibu sana na kioo, mkono wake wa kulia umeinuliwa, unapiga hewa.

"Baba, rudi nyuma kidogo," nikamwambia. "Kengele italia."

Akarudi hatua mbili, mkono bado uko juu. "Eish, samahani. Naandika."

Nikamuuliza anaandika nini na hana kalamu. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, jinsi mwenye duka anavyomtazama mteja, akasema njoo usimame hapa. Nilitazama kamera. Chumba kilikuwa kitupu. Nikaenda.

"Anza kulia, juu," akasema. "Usisome. Fuata tu. Anapokimbia, kimbia. Anapogeuka, geuka."

Nikainua mkono wangu, mkono huu ulioshika chaki miaka tisa, nikaanza kufuata ule mstari hewani. Sijui nikuelezeje. Nilifika pale anapozunguka na kurudi chini, mkono wangu ukazunguka wenyewe. Nilifika pale anapoharakisha, bega langu likaharakisha. Nilijua wapi alikaza vidole na wapi alilegeza. Mtu huyu amekufa karne nyingi, nchi yake sijaikanyaga, lugha yake siijui hata salamu, na mkono wangu ulikuwa unakwenda hasa pale mkono wake ulipokwenda, kwa mwendo ule ule. Nilipomaliza safu ile ya kwanza nilikuwa na jasho, na Mzee Liang alikuwa anacheka kimya kimya.

"Sasa umemsalimia," akasema.

Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa siku yangu. Nilijifunza kwamba mwandiko huo unaitwa mwandiko wa nyasi, na kwamba kuna wa pole na kuna wa mbio. Nilijifunza kwamba ile mihuri myekundu niliyoidharau ni ya watu walioimiliki karatasi hiyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akigonga wake mahali penye nafasi kusema nami niliiona. Mwishoni wameunganisha karatasi nyingine mpya, na huko wamiliki wameandika walivyojisikia walipoifungua. Mmoja, alinisomea Mzee Liang, alisema tu kwamba aliifungua siku ya mvua na hakula mchana wote. Niliangalia vile watu walivyoitunza, wakakimbia nayo vita, wakaificha, wakairithisha, nikajua lazima ni kitabu kitakatifu au amri ya mfalme. Nikamuuliza inasema nini.

"Hii?" akasema. "Ni barua. Mtoto wa dada yake ana homa."

Nilidhani ananitania.

"Kweli. Dada yake anaishi ng'ambo ya mto. Mto umejaa, yeye hawezi kuvuka kwenda kumwona. Anatuma dawa. Anasema ichemshwe mara mbili, mtoto afunikwe miguu. Anauliza kama homa imeshuka usiku. Anasema mjumbe yuko mlangoni, maji yanazidi kupanda, hawezi kuandika zaidi."

"Na mtoto? Alipona?"

"Barua haisemi," akasema. "Baba yangu alipokuwa ananifundisha kusoma hati za namna hii aliniambia usiulize, barua hazijibu. Lakini mimi nauliza kila nikija."

Tukasimama pale wawili, mzee wa vyombo na mlinzi, tukimwogopea mtoto ambaye mifupa yake imekwisha kuwa udongo. Nilimwombea, Faida. Najua ni ujinga kumwombea mtu apone wakati alishapona au alishakufa zamani hizo, lakini nilimwombea.

Alhamisi iliyofuata akanionyesha jambo ambalo nilikuwa nimelitazama miezi miwili nikidhani ni kinyesi cha nzi. Kwenye safu ya tano, pembeni ya neno moja, kuna nukta tatu ndogo.

"Hapo alikosea," Mzee Liang akasema. "Aliandika neno lisilokuwa lenyewe. Hizo nukta zinamwambia dada yake, hili liruke. Halafu anaandika lililo sawa chini yake, anaendelea."

Mwalimu ndani yangu akaamka. "Kwa nini hakuchukua karatasi nyingine akaanza upya? Huyu alikuwa mtu wa kazi gani?"

"Karani mkubwa wa serikali. Mwandiko wake wa ofisini ulikuwa mnyoofu, safi, watu walikuja kutoka mbali kuuiga. Wenye mihuri hii wameandika hivyo hapa mwishoni. Haukubaki hata ukurasa mmoja. Kimebaki hiki tu."

"Lakini kosa liko pale pale, kila mtu analiona."

Akageuka akanitazama kama mimi ndiye sielewi lugha. "Mjumbe alikuwa mlangoni," akasema.

Niliketi. Hapakuwa na kiti, niliketi sakafuni chumba cha nne, na ofisi ikaniita kwenye redio kuuliza kama nimeanguka. Jioni hiyo ulinipakulia chakula nikakisukuma. Ukaniuliza kama niko sawa, "Papa, uko sharp?" Nikakwambia ni miguu.

Sasa tumefika.

Mama yako Mapendo alilazwa siku kumi na saba. Sheria ya wodi ile ilikataza watoto walio chini ya miaka kumi na miwili, nawe ulikuwa na tisa, na ulikuwa unabaki na jirani chini barabarani kila nilipopanda juu wodini. Jumatatu ya wiki ya mwisho, bila kuambiwa na mtu, ulikaa kwenye meza hii hii ninayoandikia ukamwandikia barua. Uliandika haraka, miguu inaning'inia. Ukaniletea jikoni ukasema, "Mpelekee Mama."

Nikaitazama. Ilikuwa karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, kingo zake zina meno. Maneno yalianza makubwa, yakaishia madogo yamebanana pembezoni kwa sababu nafasi ilikwisha. Penseli ilififia katikati, kisha ikakolea pale ulipoichonga. Kwenye kona kulikuwa na doa la mawese, umbo la kidole gumba chako. Nami niliona aibu. Niliwaza manesi wakiiona, waseme huyu mwalimu gani wa Bukavu mtoto wake anaandika hivi. Unajua sisi tunavyosema: kuna brouillon, ile ya kwanza, chafu, ya kujaribia, na kuna propre, ile inayotoka nyumbani kwenda kwa watu. Hakuna Mkongomani aliyesoma anayempelekea mtu brouillon. Nikakwambia, "Hii ni brouillon yako. Sasa andika propre."

Ukaandika. Nikaona kosa, nikakurudisha. Jumanne ukaandika tena mara mbili, moja ukaidondoshea chozi, nikasema imelowa, anza nyingine. Na si mwandiko tu niliousafisha. Nikakwambia hatumwambii mgonjwa kwamba wali unaungua. Nikakwambia hatumwandikii mtu aliye hospitalini neno kuogopa. Kila ulipoandika upya kilipungua kitu kimoja, na mwishowe ikabaki barua ya mistari minne, imenyooka kama uzi, inayosema sisi sote tuko salama na tunamwombea apone upesi. Ilikuwa barua yangu, mwanangu. Wewe ulishika kalamu tu.

Jumatano saa ya kuwaona wagonjwa nilikwenda mikono mitupu. Mama yako alikuwa amepungua sana, lakini akili yake yote ilikuwepo. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia kwa fahari, Faida anakuandikia barua.

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Bado haijakuwa propre. Kesho nitaileta."

Akasema, "Ilete vile iko."

Nikamwambia, "Kesho, Mama Faida. Imebaki kidogo tu, anamalizia."

Akafumba macho na kutabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kunidhihaki. "Haya, mwalimu," akasema.

Alhamisi asubuhi nilipanda kwenda hospitali na barua safi ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikapata unyevu. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nesi alinikuta nimesimama hapo, ameshika sweta la mama yako limekunjwa. Alikuwa ameondoka alfajiri.

Hakuisoma, Faida. Hakuisoma ile safi wala ile chafu. Hakuna mto wowote ambao iliwekwa chini yake. Niliporudi nyumbani ulikuwa mlangoni na sare ya shule, soksi moja imeshuka, na kabla sijakwambia lolote uliuliza, "Alisoma? Mama alisoma barua yangu?" Nami nikasema ndiyo, alisoma, akatabasamu, akaiweka chini ya mto. Nilisema bila kukwama hata mara moja. Baadaye ndipo nikakwambia yaliyobaki, na ulivyolia uliendelea kusema lakini alisoma, lakini alisoma, na mimi nikaona sina njia ya kurudi. Ile propre nilimwekea mkononi kabla hawajafunga jeneza. Imezikwa naye.

Miaka kumi sasa nimeutunza uongo huo vizuri. Niliuona unakupa nguvu, nikasema una ubaya gani. Hata siku ile nilipokaa sakafuni chumba cha nne, nilipoelewa kwamba yule karani alikuwa na kila sababu ya kuogopa kuonekana mzembe na bado akaweka nukta tatu na kumkabidhi mjumbe, hata siku ile nilirudi nyumbani nikakudanganya ni miguu. Mimi ni mwoga. Nimekuwa mwoga mwenye mwandiko mzuri.

Lakini kinachonisukuma leo si dhamiri yangu peke yake. Ni wewe. Nakuona na simu yako, unaandika ujumbe, unafuta, unaandika, unafuta, mwishowe unatuma "sharp". Nakumbuka ulipofeli hesabu. Sikujua kama umefeli. Nilikuja kujua pale ulipokuwa umekwisha kurudia mtihani na kupata themanini, ukaniletea karatasi ile ya pili, ukaniambia habari yote kama mzaha uliokwisha kupita. Wiki tatu ulikuwa unalia bafuni na maji yamefunguliwa, na mimi nje nakwambia usimalize maji ya moto. Nani alikufundisha kwamba baba haletewi kitu mpaka kiwe safi? Najua ni nani. Na sasa unakwenda kusomea uhandisi wa maji, mwendo wa siku nzima na usiku kutoka hapa, na ninaogopa sana kwamba utaugua, au utafeli, au mtu atakuvunja moyo, nami nitapata habari miezi sita baadaye, imenyooshwa kwa pasi.

Kwa hiyo nakuomba. Nipigie ukiwa unalia, hata kama sitasikia neno. Nitumie ujumbe ulioishia katikati. Uchanganye Kiswahili na Kiingereza na Kizulu unavyotaka, baba yako ameacha ualimu. Na ukitaka kunikasirikia kwa haya niliyoandika, nikasirikie bila kusubiri hasira ipoe ndipo uniletee. Nastahili ya moto.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ni ile ya kwanza, ya Jumatatu. Uliniona naitupa, ndivyo ulivyojua, lakini niliitoa kwenye pipa nikaiweka ndani ya Biblia ya mama yako kwa nia ya kukuonyesha siku moja ulivyoboresha. Biblia yenyewe huigusi kwa sababu unaheshimu, na mimi sikuigusa kwa sababu naogopa. Baada ya yale ya chumba cha nne niliitoa. Kingo zina meno, doa la mawese limekuwa la njano. Umeandika hivi, nanakili bila kugusa kitu:

"Mama Papa anaunguza wali kila siku na anasema hajaunguza. Mimi nalala upande wako ili pasipoe. Security wa hospitali hajui mimi nakimbia haraka. Kama unaogopa sema Mama hata mimi naogopa tutaogopa pamoja. Rudi."

Nimeinua mkono nikaifuata hewani, Faida, kama alivyonifundisha Mzee Liang. Nimeifuata mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Penseli inafifia pale kwenye kuogopa, na mkono wako haukusimama. Ukachonga, ukaendelea. Mtoto wa miaka tisa ambaye miguu yake haifiki chini. Nimelinda vitu vingi nyuma ya vioo, na sijawahi kusimama mbele ya kitu kilichonitetemesha kama karatasi hiyo. Na mimi ndiye niliyeikataa mlangoni.

Hati ya karani ilirudi ghalani mwezi uliopita. Walipokuwa wanaikunja nilimtafuta kwa macho yule mtoto mwenye homa, nikamuaga kimoyomoyo. Mzee Liang alikuja Alhamisi ile ile, akakuta sanduku tupu, akaniambia haidhuru, sasa iko kwenye mikono yetu. Nikamwambia binti yangu anasafiri na nina barua ya kumwandikia. Akauliza kama nimeianza. Nikasema naiandaa. Akanichorea hewani nukta tatu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, chini ya taulo, uikute ukiwa umekwisha kupita Bloemfontein, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni. Nimebadili nia sasa hivi nilipoandika sentensi hiyo. Nitaiweka hapa mezani, na wewe utaisoma leo, nami nitakuwa jikoni nikiunguza wali.

Utaona makosa. Ukurasa wa pili nimeandika neno ambalo silo, nikaweka nukta tatu pembeni, uliruke. Kwenye habari za Jumatano wino umechuruzika kwa sababu niliinama karibu mno. Droo ina karatasi safi nyingi, na kwa hesabu ya Mama Zawadi bado nina nusu saa ya kunakili kwa mwandiko ule wa Bukavu. Sinakili.

Mama yako hakuisoma barua yako. Hilo ndilo nililokuficha. Lakini kuna jambo la kweli ambalo pia nilikunyima, nalo ni lako kuliko lile la mto: aliitaka. Alijua ni chafu, nilimwambia mwenyewe, na aliitaka hiyo hiyo. Neno lake la mwisho juu yako ni lile: ilete vile iko.

Nasikia Mama Zawadi tayari anakuaga kwa kelele huko chini, na mlango wa jengo umefungwa. Unapanda. Haya, mwanangu, nakuletea vile iko.

Papa